Lita 100 za maji na mlima mmoja

Swali: Mimi na mume wangu tumeishi ndani ya gari-nyumba kwa mwaka 1 na miezi 2 sasa. Hatuna nyumba nyingine. Tunafanya kazi kwa kompyuta, na kila baada ya siku 3 au 4 tunahama. Nina miaka 44, uzito wangu ni kilo 66, na baiskeli ya mlimani naendesha mara 3 kwa wiki. Baada ya wiki 10 nataka kuzunguka njia moja ngumu: kilomita 42, kupanda jumla ya mita 1,500, kuanzia mwinuko wa mita 2,100 hadi kilele cha mita 3,200, na imewekwa alama ya almasi nyeusi. Inaanzia na kuishia mahali pamoja. Nijiandae vipi wakati sina mahali pa kudumu pa kufanyia mazoezi? Mume wangu anaona tufike jioni ya kuamkia siku yenyewe, tusikae huko bure. Sisi ni watu wa kubana matumizi. Tangi letu la lita 100 tunalitumia siku 6 na tunajivunia hilo.

Jibu: Dada, nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi kwenye sentensi ya mwisho, ile uliyoiweka kama nyongeza tu. Lita 100, watu 2, siku 6: ni lita 8 na kidogo kwa kila mmoja kwa siku, na humo humo mmepika, mmeosha vyombo, mmepiga mswaki, mmenawa na mmemwaga chooni. Nimeishi hivyo miaka 3, fahari yake naijua. Lakini hapo ndipo ninapoona hatari ya safari yako, kuliko kwenye umri, kuliko kwenye almasi nyeusi.

Mtu akikaa kwenye gari-nyumba muda mrefu, ubahili humwingia mwilini bila yeye kujua. Unafunga bomba kabla mkono haujalowa sawasawa. Unapika sufuria moja, tena ndogo, kwa sababu ya gesi. Unazima hita ungali unatetemeka. Na polepole unaanza kunywa maji kidogo, kwa kuwa kila glasi inatoka kwenye tangi moja na kwenda kujaza jingine, na kuamka usiku kuingia kwenye choo kile cha kujibana ni adha. Bila tabia hizo maisha yale hayawezekani. Ila mlima hauli ubahili. Unataka ufike umeshiba, umekunywa, umelala, na umetulia mahali pamoja, yaani mambo yote ambayo gari-nyumba limekufundisha kuyapunguza.

Njia ngumu ya kwanza niliyoijaribu nikiishi hivyo ilinishinda kwenye kilomita ya 19. Mapafu yalikuwa mazuri, mazoezi nilikuwa nimefanya. Lakini nilikuwa nimefika na mwili mkavu wa siku kadhaa. Mapaja yakakakamaa yote mawili kwa pamoja, nikakaa juu ya jiwe, siwezi kukunja mguu wala kuunyoosha. Tangi kule garini lilikuwa nusu. Nusu nzima nimeitunza!

Kwa hiyo jambo la kwanza, na lianze wiki hii: maji ya kunywa yasitoke kwenye tangi. Tafuta dumu la lita 20, lisafishe, liandike kwamba ni la kunywa tu, na liwe na sheria iliyo kinyume cha sheria ya tangi. Tangi mnalibana, dumu lazima liishe. Kwa watu 2 wanaofanya mazoezi, lita 20 zisifike siku ya 5. Zikifika, kuna mtu hanywi. Kipimo kingine hakihitaji kifaa: mkojo wa asubuhi ukiwa na rangi ya majani ya chai kila siku, una deni. Simaanishi ujilazimishe kunywa mpaka tumbo livimbe. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi hupunguza sodiamu kwenye damu, na hilo nalo ni hatari ya kweli kwa watu wa safari ndefu. Kunywa kwa kawaida, kula chumvi kwa kawaida, ila usijinyime.

Sasa hoja ya mume wako. Namwelewa, lakini hapana, msifike jioni ya kuamkia.

Kwenye mita 3,200 mgandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari. Oksijeni haijapungua uwiano wake hewani, bali kila pumzi inabeba hewa kidogo. Kwa makadirio ya watu wa michezo, kuanzia mita 1,500 hivi uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 1 kila mita 100. Karibu na kilele chako, basi, utakuwa umepoteza kama asilimia 17, na hilo halitibiwi kwa ujasiri. Kuna pia ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, hamu ya chakula kupotea, kizunguzungu, usingizi kukatika. Kwa kawaida huanza kuwasumbua watu juu ya mita 2,500, na dalili huja saa 6 hadi 24 baada ya kupanda. Mkifika jioni, usiku wenyewe utalala vibaya, na asubuhi utaanza kupanda hujui mwili wako unaipokeaje hewa ile.

Hapa gari-nyumba ndiyo silaha yako, na wenye hoteli wangekuonea wivu. Unaweza kupanda na kitanda chako. Kama mnatoka pwani au bondeni, laleni usiku mmoja au miwili kwenye mita 1,200 au 1,500, kisha mfike mwanzo wa njia siku 5 kabla. Mita 2,100 ni mahali pazuri pa kulala: ni juu kiasi cha kuuzoesha mwili, lakini si juu kiasi cha kuuvuruga. Siku 2 za kwanza tembea tu na ufanye kazi zako. Siku ya 3, endesha kwa upole hadi mita 2,600 au 2,700, kaa huko nusu saa, ule kitu, urudi. Siku ya 4 pumzika, au zungusha miguu nusu saa. Siku ya 5 usifanye lolote la maana. Mtu akisema mnakaa bure, mwambie damu inafanya kazi.

Mambo machache ya kukaa huko juu ambayo huwatoka watu. Hewa ya mlimani ni kavu, unapumua haraka, na mwili unaozoea mwinuko hukojoa zaidi. Basi dumu litaisha upesi kuliko bondeni, mjue hilo kabla ya kupanda. Kwenye mita 2,100 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo maharage yatakula gesi mpaka ukome. Yapikeni mkiwa chini, huku juu mje na vyakula vya kuiva haraka. Mtungi wa gesi uangalieni ni wa aina gani: gesi ya butani haigeuki mvuke joto likishuka karibu na sifuri, na jiko litakuzimikia asubuhi ile ile unayotaka uji. Ya propani haina shida hiyo. Kama friji yenu ni ya kuwashwa kwa gesi, inaweza kudhoofika juu ya mita 1,500, hata moto wake ukazimika; iwasheni kwa umeme mkiweza. Na hili sitalisema kwa mzaha: baridi ikizidi, msiwashe jiko la kupikia ili kupasha chumba joto huku mmefunga kila kitu. Kabonimonoksidi haina harufu. King'ora chake kiwe kinafanya kazi, na tundu moja la hewa libaki wazi hata kama pua zinaganda.

Gari liegesheni likitazama barabara, mafuta yakiwa ya kutosha kushuka. Kichwa kinachouma kidogo hutulia kwa mapumziko. Lakini mmoja wenu akianza kukosa pumzi akiwa amekaa tu, au kuyumba akitembea, au kuongea ovyo, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi. Mshuke saa hiyo hiyo.

Twende kwenye mazoezi. Unasema huna mahali pa kudumu, nami nadhani tatizo ni kuwa na mahali pengi mno. Mnahama kila siku 3 au 4. Siku ya kuhama huwezi kufanya zoezi la maana: asubuhi mnafunga, mchana mnaendesha, jioni mnasawazisha gari na kutafuta mtandao. Kwa wiki unapoteza siku 2. Cha pili, ambacho ni kibaya zaidi, kila njia unaipita mara moja. Unaendesha njia ngeni siku zote, kwa hiyo unaendesha kwa tahadhari siku zote, vidole viko kwenye breki, macho yako mita 3 mbele ya gurudumu. Umekuwa mgeni wa kudumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu unaondoka kabla hujapewa.

Kwa wiki hizi 10, hameni mara moja kwa wiki tu, na katikati ya kipindi tafuteni mahali pamoja mkae siku 14. Pawe na njia zenye mawe na mteremko mkali, hata kama mandhari si ya kupiga picha. Hapo chagua kipande kigumu cha mita 200 au 300. Kiendee kwa miguu kwanza. Kaa uangalie jiwe moja moja, amua gurudumu la mbele litapita wapi. Kisha kishuke mara 10. Si mara 10 kwa wiki. Mara 10 kwa siku hiyo, ukisukuma baiskeli kurudi juu. Mara ya 3 utaogopa zaidi ya mara ya 1 kwa sababu sasa unaona kila kitu. Mara ya 7 mabega yatashuka yenyewe. Nimewaona watu walioendesha miaka 5 wakizunguka huku na kule wakijifunza zaidi kwenye mita 200 hizo kuliko kwenye njia 60 walizowahi kuzipita.

Ratiba nyingine ni rahisi, kwa kuwa umeshazoea mara 3 kwa wiki. Moja ndefu na ya polepole, kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima. Anza na muda wa saa 3, ongeza mpaka muda wa saa 5 na nusu wiki ya 8. Usihesabu kilomita, hesabu mita za kupanda: kufikia wiki ya 8 safari hiyo ndefu iwe na mita 1,100 au 1,200. Ya pili iwe ya vipindi: dakika 8 kwa nguvu ya kuweza kutoa maneno mawili matatu tu, dakika 4 za kupumua, mara 4. Hiyo haihitaji mlima mrefu. Mkiwa nchi tambarare, geukia upepo uje usoni, weka gia nzito, kanyaga mizunguko 60 kwa dakika. Paja halijui kama ni kilima au upepo. Ya tatu ni ile ya mawe. Wiki ya 4 punguza, na wiki 2 za mwisho kata muda wa mazoezi kama nusu, ila vipindi vikali vichache vibaki ili miguu isisinzie.

Kuhusu nguvu, una madumu. Lita 10 za maji ni kilo 10. Likumbatie kifuani, chuchumaa mara 12, pumzika, rudia. Shika moja kila mkono utembee mita 50. Mikono na kiuno vitashukuru kwenye mteremko, maana mteremko mrefu huchosha viganja na mikono kabla ya miguu. Kupanda na kushuka fanya kwenye jiwe au benchi imara. Usitumie ngazi ya kukunjwa ya mlangoni; nimeona iliyopinda, na aliyeipinda alikuwa mwembamba kuliko mimi. Nyonga zako nazo zinakaa siku nzima, kwenye kompyuta kisha kwenye kiti cha gari. Ukiwa safarini simama kila saa moja na nusu, piga goti moja chini, sukuma nyonga mbele, hesabu mpaka 40 kila upande.

Almasi nyeusi isikutishe, wala isikudanganye. Katika mfumo unaotumika sana Amerika ya Kaskazini, duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wastani, almasi moja nyeusi ni ngumu, mbili ni za mafundi. Uingereza wanaweka nyekundu kati ya buluu na nyeusi, na milima ya Alpi utakutana na S0, iliyo rahisi kabisa, hadi S5, iliyo ngumu kabisa. Wewe unayehama hama utakuwa umeshaona kwamba buluu ya mahali fulani ingekuwa nyeusi kwingine. Zaidi ya hapo, alama hizo hupima upana wa njia, mawe, vizingiti na ukali wa mteremko. Haziambii chochote kuhusu saa 7 za kuchoka. Kizingiti cha nusu mita ukikikuta kilomita ya 5 ni kile kile kilomita ya 36, lakini wewe siye yule yule. Kwa hiyo weka nia mapema kwamba sehemu fulani utashuka utembee. Baada ya kilomita ya 30, ukisita tu, shuka. Hakuna anayeandika.

Baiskeli yenyewe. Kuna watu wataniambia nilipaswa kuanza hapa, lakini baiskeli nzuri nyingi zimefika kileleni bila mwenyewe.

Kwanza keria. Sehemu ya nyuma ya gari-nyumba inatokeza mbali nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila shimo barabarani linairusha juu na chini kuliko nyuma ya gari dogo. Keria nyingi za magari madogo watengenezaji wenyewe hawaziruhusu kwenye gari-nyumba wala karavani. Soma maelezo yake. Angalia pia bomba la moshi linaelekea wapi. Tairi au rimu ikikaa mbele ya moshi wa moto saa 4, inaweza kuyeyuka au kupoteza nguvu bila kuonekana, na masizi yakiingia kwenye diski za breki, pedi zinanywa mafuta na kupiga kelele bila kushika. Mtikisiko nao hulegeza skrubu. Kila mkifika, pitisha spana kwenye usukani, ekseli za magurudumu na boliti za breki. Dakika 4, haizidi.

Pili breki, na hapa nitakusimulia kidogo. Mwaka 1976 vijana wa kaunti ya Marin, Kalifonia, walianza kushindana kwenye mteremko mmoja karibu na mlima Tamalpais, wakitumia baiskeli nzee za breki ya kukanyaga nyuma. Njia ilishuka karibu mita 400 kwa kilomita 3 na kitu, na breki ilipata moto kiasi kwamba grisi ya ndani ya ekseli iliungua. Kila baada ya mbio ilibidi wafungue na kupakia grisi upya. Ndiyo maana mbio zile zikaitwa Repack, na ndizo zilizochochea baiskeli hii unayoipenda. Wewe utashuka zaidi ya mara 3 ya hapo. Breki za leo ni bora mno, lakini joto ni lile lile. Weka pedi mpya wiki moja kabla, uzizoeshe, na kwa mteremko mrefu zile za madini yaliyochomwa huvumilia joto kuliko zile laini za resini. Kama majimaji ya breki yana zaidi ya mwaka, yabadilishwe. Ukishuka usishike breki kidogo kidogo mfululizo. Shika kwa nguvu, achia, diski ipate hewa.

Tatu, upepo wa tairi, jambo ambalo wanaohama ndio huumia nalo. Tairi ukiijaza psi 22 pwani, kisha ukapanda nayo mpaka kilele chako, kipimo kitasoma karibu psi 27 ingawa hujaongeza kitu, kwa sababu hewa ya nje inayoizuia imepungua. Kwenye mawe psi 5 ni nyingi. Utadunda kama mpira na utalaumu shokapu bure. Basi pima upya asubuhi ya safari, baridi ikiwa bado ipo, pale pale mwanzo wa njia, na kumbuka itaongezeka kidogo tena jua likitoka. Kama tairi zako hazina tyubu, yale maziwa ya kuziba matundu hukauka kwa miezi michache, na upesi zaidi kwenye baiskeli inayoning'inia juani. Fungua uone, usibahatishe kwa kutikisa.

Begi liwe na tyubu moja, vijiti vya kuziba tundu, pampu, kiungo cha mnyororo, spana ndogo, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia mtambo wa gia za nyuma, cha baiskeli yako hasa, maana kila muundo una chake na hakipatikani njiani. Baada ya hapo koti la mvua, kitambaa cha kufungia jeraha, taa, filimbi.

Chakula nimekiacha hapa makusudi kwa sababu kinarudi kwenye ubahili. Tupige hesabu. Wewe, baiskeli, begi na maji ni kama kilo 86. Kuinua uzito huo mita 1,500 ni kazi ya karibu kilojuli 1,265. Mwili wa binadamu hubadili kiasi cha robo tu au pungufu ya chakula kuwa nguvu ya kanyagio, kwa hiyo kupanda peke yake kutakula kalori 1,200 hadi 1,400, kabla ya mawe, matope, baridi na mteremko. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haitoshi safari nzima. Siku 2 kabla, kula wanga kwa wingi: wali, viazi, mkate, tambi, chochote tumbo lako limekizoea, na usibane gesi ya kupikia. Njiani lenga gramu 60 za wanga kila saa, kidogo kidogo kila dakika 20, kuanzia nusu saa ya kwanza wakati bado huna njaa. Ukiwa na saa 7, hizo ni gramu 420. Zipime mezani usiku, uone rundo lake. Watu wengi wakiliona hushtuka, kisha hupunguza nusu. Usipunguze. Na fanya hivyo kwenye zile safari ndefu za mazoezi pia, kwa kuwa tumbo nalo hufundishwa.

Maji, nusu lita hadi 700 mililita kwa saa kutegemea jua, kwa hiyo jumla lita 4 au zaidi. Beba lita 2 na nusu, na chujio kama ramani inaonyesha kijito. Kama haionyeshi, beba zote na ukubali uzito.

Siku yenyewe anza saa 12 asubuhi. Mpando mkubwa una mita 1,100. Mtu wa kawaida aliyejiandaa hupanda mita 300 hadi 400 kwa saa kwenye hewa ile, kwa hiyo ukijumlisha vituo utakuwa juu kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Nusu saa ya kwanza iwe ya aibu kwa upole wake. Ukimwona mtu anakupita, mwache apite. Weka saa ya kugeuka: ikifika saa 5 na nusu hujaona kilele, rudi ulikotoka, hata kama zimebaki mita 100. Milimani mawingu ya radi hupenda kujikusanya mchana, na mgongo wa mlima si mahali pa kuyasubiri. Kileleni kula, vaa koti kabla ya kushuka, kaza kofia.

Ukirudi, msihame siku hiyo. Nimeona watu wakitoka mlimani, wanafunga baiskeli na kuanza safari ya saa 4 ili kuwahi kituo kingine. Mtu aliyechoka vile hana tofauti na mlevi, naye ameshika usukani wa tani kadhaa. Kitanda kiko hatua 3 kutoka kwenye keria, kitumieni.

Mume wako mwachie karatasi mezani: jina la njia, mwelekeo unaozunguka, saa uliyoanza, na saa ya mwisho ya kukusubiri, tuseme saa 10 jioni. Saa hiyo ikipita kimya, apige simu ya uokoaji. Asije kukutafuta mwenyewe na gari refu kwenye vijibarabara vya msituni visivyo na pa kugeuzia, maana hapo tutakuwa na watu 2 wa kutafuta. Kama anataka kazi ya kufanya wakati unapanda, akajaze tangi pomoni. Jioni hiyo utaoga mpaka liishe.